Amos Alonzo Stagg na Elimu ya Kujihami

Katika viwanja vya mpira vya Mbarara na jirani zake, tangu Makenke penye kambi ya jeshi hadi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, aghalabu mazoezi ya jioni huwa ya namna moja. Vijana hugawanywa makundi mawili, hucheza mpaka jua lizame, kisha kila mmoja hurejea kwao. Ni nadra kundi moja kuagizwa liuache mchezo wake lenyewe na kucheza kama inavyocheza timu itakayokabiliwa siku ya mashindano. Hata hivyo kanuni hiyo si ngeni kwa askari. Jeshi lenye nidhamu linapofanya mazoezi ya kujihami huteua baadhi ya askari wake wawe adui wa siku hiyo, wapite njia ambazo adui angepita na kushambulia kwa saa ambayo adui angeichagua. Mlinzi wa ngome hawezi kujifunza kuilinda ikiwa hakuna mtu wa kuishambulia.

Upo mchezo mmoja ambao umeifanya kanuni hiyo kuwa kazi ya kila wiki, nao ni kandanda ya Kimarekani kama inavyochezwa katika vyuo vikuu vya nchi hiyo. Mchezo huo haukuenea kwetu, ingawa damu ya Uganda imo ndani yake. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa marehemu Benedicto Kiwanuka aliyekuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda mwaka 1962 na Jaji Mkuu tangu mwaka 1971, alikuwa mlinzi hodari wa timu ya Boston College, na kuanzia mwaka 2006 hadi 2014 aliichezea timu ya kulipwa ya New York Giants. Babu yake alikamatwa katika Mahakama Kuu mjini Kampala tarehe 21 Septemba 1972, siku 4 tu baada ya mapigano kufika Mbarara, wala hakurudi tena nyumbani. Mjukuu, ambaye alizaliwa Marekani, alijifunza kazi ya ulinzi kwa njia iliyoanza kujengwa miaka 100 na zaidi kabla yake. Miongoni mwa walioijenga njia hiyo ni marehemu Amos Alonzo Stagg, na maisha yake ndiyo tunayoyasimulia leo.

Stagg alizaliwa tarehe 16 Agosti 1862 huko West Orange, katika jimbo la New Jersey, wakati Marekani imo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Baba yake alikuwa mshona viatu mwenye familia kubwa na kipato kidogo. Kijana huyo alijisomesha kwa taabu, akifanya vibarua na kula chakula hafifu, mpaka akaingia Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1884. Nia yake ilikuwa kuwa mchungaji wa kanisa. Hakuwa mtu wa maumbile makubwa, lakini alikuwa na mkono wenye nguvu, na mara akajulikana kwa kurusha mpira katika mchezo wa besiboli. Timu za kulipwa zilimtaka, naye akakataa fedha zao kwa kuona kwamba mchezo ni sehemu ya malezi na kwamba haifai kuufanya biashara.

Ni vema msomaji afahamu kwa ufupi jinsi kandanda hiyo inavyochezwa. Kila upande una watu 11. Timu yenye mpira hupewa nafasi chache tu za kusogea mbele kiasi kilichowekwa na sheria. Siku hizi ni nafasi 4 za kusogea yadi 10, yaani karibu mita 9. Zama za ujana wa Stagg zilikuwa nafasi 3 za kusogea yadi 5. Timu ikishindwa kusogea, mpira huenda kwa wapinzani. Kila nafasi huanza upya, watu wote wakiwa wamejipanga, na kila shambulio huwa limekwisha kupangwa kabla ya mpira kuguswa. Kwa hiyo mlinzi hupewa dakika isiyotimia ya kuwatazama wapinzani walivyosimama, kukisia watakalofanya, na kuchagua mahali pa kukimbilia. Akikisia vibaya huacha pengo, na katika mchezo huu pengo la hatua 2 laweza kumpitisha mtu mpaka mwisho wa uwanja. Hapana budi basi mlinzi awe amekwisha kuliona shambulio hilo kabla ya siku ya mchezo.

Stagg aliuona ukweli huo mapema. Mwaka 1888 alikuwa mchezaji wa pembeni katika timu ya Yale ambayo iliandika historia isiyo na mfano: ilicheza michezo 13, ikapata pointi 698, na wapinzani wote kwa jumla hawakupata hata pointi 1. Mwalimu wa timu hiyo alikuwa Walter Camp, ambaye mchana alikuwa na kazi katika kiwanda cha saa na hivyo hakuweza kufika uwanjani kila siku. Mkewe, Alice, ambaye walikuwa wameoana mwaka huohuo, ndiye aliyekwenda kusimama pembeni ya uwanja, akatazama mazoezi na kuyaandika, kisha jioni akamweleza mumewe nani alifanya vema na nani aliacha pengo. Wachezaji nao walifika nyumbani kwao usiku kuzungumza mambo hayo. Hapo Stagg alijifunza kwamba kutazama ni nusu ya kujihami, na kwamba jambo lililotazamwa bila kuandikwa husahaulika.

Katika vyuo vya wakati huo ilikwisha kuwa desturi kwamba timu ya kwanza hufanya mazoezi dhidi ya timu ya pili, yaani dhidi ya wachezaji wa akiba. Desturi hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa. Mlinzi hujifunza kumkaba mtu na kumwangusha kwa kumkaba na kumwangusha mwenziwe, na kwa mavazi hafifu ya siku hizo wachezaji wengi waliumia kabla hawajakutana na mpinzani wa kweli. Stagg anatajwa kuwa ndiye aliyetafuta dawa ya kasoro hiyo hapo Yale, mwaka 1889. Alichukua godoro, akalikunja, akalitundika mfano wa mtu aliyesimama, na wachezaji wakawa wanalirukia na kulikumbatia badala ya kurukiana wao kwa wao. Jambo hilo laweza kuonekana dogo. Lakini mifuko mizito yenye umbo la mtu ambayo leo hii imejaa katika viwanja vya mazoezi vya kandanda ya Kimarekani na hata raga ni wajukuu wa godoro lile. Mwaka huohuo wa 1889 Stagg alichaguliwa kuwa mmoja wa wachezaji 11 bora wa nchi nzima, katika orodha ya kwanza ya namna hiyo kutolewa.

Masomo ya dini hakuyamaliza. Aliona kwamba hana kipaji cha kuhutubia kutoka mimbarini, akaamua kuwa uwanja wa michezo utakuwa mahali pake pa kuwalea vijana. Mwaka 1890 alikwenda Springfield, katika jimbo la Massachusetts, kufundisha katika chuo cha chama cha vijana wa Kikristo. Miongoni mwa wachezaji wake huko alikuwamo kijana kutoka Kanada, James Naismith, ambaye mwezi Desemba 1891 alibuni mpira wa kikapu. Mchezo wa kwanza wa mpira wa kikapu mbele ya watazamaji ulifanyika tarehe 11 Machi 1892, kati ya walimu na wanafunzi. Wanafunzi walishinda kwa 5 dhidi ya 1, na lile moja la walimu lilifungwa na Stagg. Wale wanaocheza mpira wa kikapu katika shule za Mbarara hawana habari kwamba mwalimu huyu alikuwapo siku hiyo.

Mwaka 1892 Profesa William Rainey Harper, aliyemfundisha Stagg Biblia hapo Yale, alikuwa anafungua Chuo Kikuu cha Chicago. Alimwita mwanafunzi wake wa zamani kuwa mkuu wa michezo, na kumpa cheo cha profesa mshiriki pamoja na ajira ya kudumu, jambo ambalo mwalimu wa michezo alikuwa hajalipata katika vyuo vya nchi hiyo. Stagg alikaa hapo misimu 41. Mwanzo ulikuwa mgumu. Wanafunzi waliojitokeza walikuwa wachache mno hata mwalimu mwenyewe akalazimika kuvaa jezi na kuingia uwanjani pamoja nao, na michezo ya kwanza walicheza na timu za shule za sekondari. Timu isiyo na watu wa kutosha kuunda timu ya pili haina mtu wa kuifanyia mazoezi. Kwa hiyo kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwapata vijana watakaokubali kuja kila siku, kupigwa vikumbo kila siku, na kukaa pembeni siku ya mashindano.

Mwaka 1894 alimwoa Stella Robertson, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo hicho. Kama alivyokuwa Alice Camp kwa mumewe, ndivyo Stella alivyokuwa kwa Stagg, na huenda alimzidi. Alijifunza mchezo hadi undani wake, akawa anakaa juu jukwaani na karatasi zake, akachora kila shambulio: nani alisimama wapi, mpira ulipita upande gani, yadi ngapi zilipatikana. Alikwenda pia kuzitazama timu za wapinzani na kurudi na michoro. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka mingi sana, ilhali jina lake halimo katika vitabu vya ushindi. Kwa michoro kama hiyo mwalimu huweza kujua kwamba timu fulani, ikiwa na yadi 2 tu za kumaliza, hupenda kupita katikati. Na kwamba ikiwa na yadi 8 hupenda kuzunguka upande wa kulia. Mchezaji wa akiba akipewa mchoro huo na kuufuata uwanjani, mlinzi wa timu ya kwanza humwona mpinzani wa Jumamosi siku ya Jumanne.

Matunda ya kazi ya namna hiyo yalionekana tarehe 30 Novemba 1905. Siku hiyo Chicago ilikutana na Chuo Kikuu cha Michigan mbele ya watazamaji wapatao 27,000. Michigan, iliyofundishwa na Fielding Yost, ilikuwa imecheza michezo 56 mfululizo bila kushindwa. Katika msimu huo peke yake ilikwisha kupata pointi 495, na hakuna aliyeipata hata pointi 1. Watu wengi walidhani kwamba lililobaki ni kuhesabu tu. Lakini walinzi wa Chicago walisimama imara. Michigan ilikwenda kushoto, ikaenda kulia, ikapita katikati, na kila mahali ilimkuta mtu. Saa zikapita, hakuna aliyepata kitu.

Karibu na mwisho wa mchezo, Walter Eckersall wa Chicago aliupiga mpira kwa mguu ukaenda mbali mpaka nyuma ya mstari wa goli wa Michigan. Kijana wa Michigan aliyeitwa Denny Clark aliudaka na, badala ya kutulia nao, akajaribu kutoka nao mbio. Walinzi wa Chicago walimfikia, wakamkamata, wakamrudisha nyuma ya mstari wake mwenyewe. Kwa sheria za mchezo jambo hilo huwapa wapinzani pointi 2. Chicago ilishinda kwa 2 dhidi ya 0, na ubingwa ukawa wake. Huo ulikuwa ushindi wa walinzi watupu, kwani safu ya ushambuliaji haikupata pointi hata moja.

Historia ya siku hiyo ina upande wa huzuni ambao haifai kuufunika. Clark alibebeshwa lawama za timu nzima, kana kwamba wenziwe 10 hawakuwamo uwanjani. Aliishi na lawama hizo kwa miaka 27, na mwaka 1932 alijiua. Wanaopenda kumtafuta mkosaji mmoja kila timu yao inaposhindwa wangefanya vema kuikumbuka habari ya kijana huyo.

Mwaka huohuo wa 1905 mchezo wenyewe ulikuwa hatarini kufutwa. Watu wasiopungua 18 walikufa kutokana na kandanda hiyo nchini Marekani katika msimu mmoja. Washambuliaji walikuwa wakishikana mikono na kusukumana kwa wingi kama kundi la nyati, na walinzi hawakuwa na njia ila kujitupa mbele yao. Rais Theodore Roosevelt aliwaita wakuu wa timu za Harvard, Yale na Princeton na kuwataka warekebishe mambo. Baadhi ya vyuo viliuacha mchezo kabisa. Stagg alikuwa mjumbe wa kamati ya sheria, na kamati hiyo iliporekebisha sheria mwaka 1906 iliruhusu mpira kurushwa mbele kwa mkono na kuongeza umbali wa kusogea kutoka yadi 5 hadi 10.

Mabadiliko hayo yalipunguza msongamano, na pia yalibadili kabisa kazi ya kujihami. Mlinzi ambaye jana alitazama mbele tu, sasa ilimbidi atazame mbele na angani. Timu moja ilipenda kukimbia, nyingine kurusha, ya tatu ilijifanya inakimbia kumbe inarusha. Haikuwezekana tena kuwafundisha walinzi mchezo mmoja utakaofaa kwa wapinzani wote. Kila wiki ilihitaji somo lake. Hapo ndipo yule mchezaji wa akiba anayemwiga mpinzani alipokuwa mtu wa lazima. Stagg mwenyewe alichangia kuongeza ugumu huo, kwani anahesabiwa miongoni mwa walimu wa mwanzo waliobuni mbinu nyingi za kuhadaa walinzi. Alikuwa mwizi na polisi kwa wakati mmoja: asubuhi alibuni hila, alasiri alitafuta namna ya kuizuia.

Mtihani wake mkubwa wa mwisho ulikuja mwaka 1924. Chuo Kikuu cha Illinois kilikuwa na mkimbiaji aliyeitwa Red Grange, ambaye tarehe 18 Oktoba ya mwaka huo aliufikisha mpira nyuma ya goli la Michigan mara 4 katika dakika 12 za kwanza. Wiki 3 baadaye, tarehe 8 Novemba, ilikuwa zamu ya Chicago kukutana naye. Stagg, aliyekuwa na umri wa miaka 62, alijua kwamba katika kikosi chake cha akiba hakuna kijana anayeweza kukimbia kama Grange. Mazoezi ya kuiga yana mpaka wake: mchoro waweza kuonyesha njia anayopita duma, lakini hauwezi kumpa mbuzi miguu ya duma. Basi akaamua kwamba ulinzi ulio bora dhidi ya mtu huyo ni kumnyima mpira. Vijana wake walipita katikati kwa nguvu, yadi 3, yadi 4, yadi 5, polepole, bila haraka, huku Grange amesimama akisubiri. Chicago ikaongoza kwa 14 dhidi ya 0.

Lakini Grange alipoupata mpira alionyesha kwa nini aliogopwa. Alifunga mara 3, na mara ya mwisho alikimbia yadi 80. Mchezo ulikwisha kwa sare ya 21 kwa 21. Hata hivyo timu ndogo zaidi ilikuwa haikushindwa, na msimu ule Chicago ilitwaa ubingwa wa kanda yake kwa mara ya 7 na ya mwisho.

Elimu hiyo iliendelea kukua baada yake, na leo hii wiki ya safu ya ulinzi katika chuo kikuu cha Marekani ina ratiba inayojulikana. Michezo mingi huchezwa Jumamosi. Jumapili na Jumatatu walimu na wachezaji hutazama picha za sinema za mpinzani ajaye, wakihesabu hupenda kufanya nini katika kila hali: nafasi ya kwanza, nafasi ya tatu, akiwa mbali na goli, akiwa karibu. Kazi aliyoifanya Stella Stagg kwa penseli sasa hufanywa kwa kompyuta. Tangu mwaka 1994 sheria zimekataza kwa jumla kumtuma mtu akaitazame timu ya mpinzani uwanjani kabla ya mchezo. Badala yake vyuo hubadilishana picha.

Jumanne na Jumatano ndizo siku za jasho. Wachezaji wa akiba, wengi wao wakiwa wa mwaka wa kwanza, hukusanyika kumzunguka mwalimu msaidizi. Huyo huinua kadi kubwa yenye mchoro wa shambulio moja la mpinzani, kila duara likiwa ni mtu na kila mshale njia yake. Vijana hutazama kwa nukta chache, hujipanga, kisha hushambulia kama mchoro unavyosema. Aghalabu mmoja wao hupewa jezi yenye namba ya nyota wa timu ya wapinzani ili walinzi wazoee kumtafuta. Kadi ya kwanza ikiisha, ya pili huinuliwa, kisha ya tatu, mpaka walinzi waanze kuyatambua mashambulizi kabla hayajatokea. Alhamisi mwendo hupunguzwa, na Ijumaa watu hutembea tu, wakikumbushana nafasi zao bila kugongana. Yote hayo hubanwa ndani ya saa 20 kwa wiki, kwa kuwa wachezaji hao ni wanafunzi.

Tukiitazama ratiba hiyo kwa makini tutagundua kwamba uzito wake wote umewaangukia watu wasiojulikana. Kijana wa akiba akiiga kwa uvivu, mlinzi hujifunza uongo, na Jumamosi hupigwa na kasi ambayo hakuizoea. Akiiga kwa moyo wote, mlinzi hupata sifa, naye hubaki pembeni. Kazi yake ikiwa njema haionekani. Ikiwa mbaya huonekana siku ambayo haiwezi kurekebishwa tena. Zaidi ya hayo, yeye hujifunza mchezo wa watu wengine wiki hadi wiki, na wake mwenyewe hapati nafasi ya kuucheza. Timu yenye heshima huupima moyo wake kwa namna inavyomtendea kijana huyo.

Stagg naye alikuwa na upungufu wake, na haifai kumfanya malaika. Alihubiri kwamba mchezo ni malezi, lakini chini yake kandanda ya Chicago ikawa biashara kubwa ya viingilio. Eckersall, shujaa wa mwaka 1905, alipokewa chuoni bila kutimiza masomo yaliyotakiwa na akaondoka bila shahada. Miaka ilivyokwenda, wakuu wapya wa chuo waliona kwamba uwanja umeanza kukifunika chumba cha masomo. Alipotimiza miaka 70 walimstaafisha kwa mujibu wa kanuni, naye akaondoka baada ya msimu wa 1932. Mwaka 1939 chuo kikaifuta timu yake kubwa. Uwanja uliokuwa na jina la Stagg ukabaki mtupu, na chini ya jukwaa lake la magharibi, tarehe 2 Desemba 1942, wanasayansi walifanikiwa kwa mara ya kwanza duniani kuendesha tanuri la nyuklia.

Watu wengi wa miaka 70 wangechukua malipo yao na kukaa kitako. Stagg alikataa kazi nyepesi aliyopewa hapo Chicago, akavuka nchi hadi California na kuanza upya katika Chuo cha Pacific mjini Stockton. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, vijana wa jeshi la majini waliopelekwa kusoma chuoni hapo walijiunga na timu yake, na kwa kikosi hicho alizishinda timu kubwa kuliko yake. Walimu wenziwe walimchagua kuwa mwalimu bora wa mwaka, naye akiwa na umri wa miaka 81. Kuanzia mwaka 1947 hadi 1952 alimsaidia mwanawe katika Chuo cha Susquehanna huko Pennsylvania. Yule aliyekuwa mkuu kwa nusu karne hakuona haya kukaa chini ya mtoto wake na kufanya kazi ya usaidizi. Kisha alirudi Stockton na kuwafundisha vijana wa chuo kidogo kupiga mpira kwa mguu, mpaka alipokuwa na umri wa miaka 90 na zaidi.

Timu alizoziongoza zilishinda michezo 314. Mwaka 1951 aliingizwa katika jumba la mashujaa wa kandanda ya vyuo kwa sifa mbili, ya mchezaji na ya mwalimu, na mwaka 1959 katika jumba la mashujaa wa mpira wa kikapu. Stella, mwenziwe wa karibu miaka 70, alifariki mwaka 1964. Stagg mwenyewe alifariki mjini Stockton tarehe 17 Machi 1965, akiwa na umri wa miaka 102.

Walimu wa timu zetu hawana sinema wala kompyuta, na wengine hata mipira ni shida. Lakini godoro la mwaka 1889 halikuhitaji fedha nyingi, na penseli ya Stella haikuhitaji umeme. Mwalimu wa shule moja ya Mbarara akimtuma mtu mwenye macho makini kwenda kuitazama timu atakayokutana nayo, akarudi na karatasi yenye kuonyesha beki gani hupanda na winga gani hutegemea mguu mmoja, anaweza siku ya Jumatano kuwapa wachezaji wake wa akiba kazi ya maana. Waambiwe wazi kwamba kwa siku hiyo wao ndio wapinzani, na kwamba wakicheza kwa nusu ya nguvu wanawadanganya wenzao. Na Jumamosi, ikiwa goli halikuguswa, mwalimu awataje kwa majina yao mbele ya timu nzima.